Siku Barua ya Wizara Ilipofika Mshangano

Ukurasa huu nimeutoa kwenye daftari langu la miaka ile ya ruksa, mwishoni mwa themanini. Sijabadilisha neno.

Jumamosi, nyumbani Mshangano, Songea.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya kutulia ambayo mama huiita mvua ya mahindi. Nina furaha, mwandiko wenyewe unaonyesha.

Miezi minane nimekuwa hapa nikilima na mama. Majirani huniuliza kwa adabu, "Balozi, likizo bado haijaisha?" Nacheka tu. Bibi wa nyumba ya tatu anadhani mimi ni balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa mtaa, anashangaa kwa nini nyumba zangu ziko mbali hivyo.

Haikuwa likizo. Niliitwa nirudi kutoka ubalozi wetu nje ya nchi, nikaambiwa nisubiri. Nilianza kazi hii kama mpiga chapa, nikapanda ngazi moja moja mpaka bendera ikapepea kwenye gari langu. Mtu kama mimi akiambiwa asubiri, anaelewa kwamba huenda kazi imekwisha.

Acha niandike ilivyokuwa.

Jumanne moja jeshi la nchi nilikokuwa nikihudumu lilipindua serikali. Kufikia Alhamisi wanafunzi wetu ishirini na watatu walikuwa wanalala sakafuni ubalozini. Simu zilikatwa. Teleksi ya mwisho kutoka wizarani ilisema tusitoke mpaka tupate kibali, kisha nayo ikanyamaza. Ijumaa kombora likaangukia nyumba ya jirani.

Nikaamua tuondoke.

Wanafunzi walipanda basi la kukodi, mimi nikatangulia na gari la ubalozi. Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya mpaka, kapteni mmoja akaniambia, "Wewe mama pita. Hao warudi."

"Bila hao sipiti."

"Una kibali cha serikali yako cha kuwaondoa?"

"Ninacho."

Sikuwa nacho.

Nikaenda kuketi barabarani mbele ya basi, jua la saa nne likinichoma. Watu wamesema ni ujasiri. Ukweli ni kwamba sikuwa na njia nyingine. Kapteni alinifokea, akaondoka, akarudi, akafoka tena. Saa tisa aliinua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe, bila kunitazama.

Walivuka wote ishirini na watatu.

Kwenye taarifa yangu kwa wizara sikuficha kitu: nilikiuka amri, na nilidanganya. Ndiyo maana nikaitwa nyumbani.

Leo asubuhi tarishi wa ofisi ya mkoa amekuja kwa baiskeli, amelowa chapachapa, barua ameificha kifuani. Nimeteuliwa kuwa balozi katika kituo kingine, kikubwa kuliko kile! Ndani kuna mstari mmoja wa onyo na mmoja wa pongezi. Ule wa pongezi nimeusoma mpaka nimeukariri. Mama ametupa ungo chini, amepiga vigelegele peke yake uani kwenye mvua.

Halafu mchana akabisha hodi Zuhura, mmoja wa wale wanafunzi, sasa anamalizia udaktari Dar. Alikuwa na baba yake, mzee wa Namasakata kule Tunduru. Mzee amekaa siku mbili juu ya lori, kwa barabara ile, kwa matope haya, ili anione tu; habari ya barua hakuwa nayo.

Niliinama kumwamkia. Akanizuia kwa mkono.

"Leo hapana, mwanangu. Leo naamkia mimi. Shikamoo, Balozi."

Nimepigiwa gwaride na majeshi ya watu. Sijawahi kuheshimiwa hivi. Machozi yakanitoka mbele ya wageni.

Mwishowe nikaitikia, "Marahaba," kwa sauti ndogo ya mtoto aliyeshikwa na aibu. Mzee akasema "Alhamdulillahi," akacheka kuliko sisi wote.

Jumatatu napanda basi kwenda Dar kuapishwa. Nitakwenda mgongo umenyooka.