Siku Tuliyompitisha Mama Darajani

Kamina, Jumapili jioni, mwezi wa kumi. Mvua ya kwanza imenyesha mchana kisha ikaacha, na sasa mji mzima unanuka mchanga uliolowa. Sauti imenikauka. Mapaja yananiuma kama ya mtu aliyepigwa, na moyo unauma zaidi.

Leo nimeendesha baiskeli na vijana.

Chanzo ni Kalenga, mtoto wa kaka yangu Banza. Yeye na wenzake wa kanisani wana baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana yenye meno, wenyewe wanaziita VTT. Wameamua kuchora kwenye simu zao njia zote za baiskeli zinazozunguka Kamina, ili siku moja wageni wakija waone kwamba nasi tuna pa kuwatembeza. Nimewacheka. Wageni gani, na barabara zetu hizi? Lakini njia za zamani hawazijui, na aliyewaambia kwamba shangazi yao anazijua ni Banza mwenyewe, kwa simu, kutoka Lubumbashi. Sijui kwa nini alisema. Kwa miaka yote hii hatujawahi kuzitaja njia zile, yeye wala mimi.

Tulianzia stesheni, tukafuata reli, tukapinda kabla ya kufika kwenye uzio wa kambi ya askari. Huko porini mahandaki ya vita bado yapo, yamejaa majani, na vijana wakawa wanayaruka kwa kelele za furaha. Miji ya kale ya wenzetu ilikuwa na kuta za mawe. Sisi tulizungushiwa mahandaki na barieri, vizuizi vya askari, na kuingia mjini kukawa kazi kubwa kuliko kutoka. Niliwaonyesha tulikopita kukwepa kila barieri: nyuma ya mashamba ya mihogo, katikati ya vichuguu, kwenye kijito unachokivuka umeibeba baiskeli kichwani. Kalenga alikuwa akiandika yote. Mzee mzima nikajisikia mtu wa maana.

Kisha tukateremka hadi kwenye daraja. Hapo nikafunga breki.

Ngoja niandike, maana leo nisipoandika sitaandika tena.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Mshahara wa baba, mtu wa reli, ulikuwa umekauka zamani, baba mwenyewe tulishamzika, na mama alikuwa amehamia shambani upande wa Kabondo-Dianda ili apate chakula. Huko homa ikamshika, ikazikataa dawa zote. Hospitali ilikuwa Kamina. Treni ilikuwa ya askari. Ilibaki kinga, kama tunavyoiita baiskeli hapa kwetu. Banza alimfunga mama kwenye kiti cha nyuma kwa kitenge, akawa anasukuma, nami nikifuata nyuma nikimshika mgongo asianguke.

Tulizikwepa barieri zote isipokuwa moja. Daraja halina njia ya pembeni, maana pande zote ni matope ya kukufika kifuani. Na pale askari walikuwa wanachukua kinga, na kijana wa kuisukuma wanamchukua pia, wanambebesha masanduku ya risasi kwenda mbele. Wengi walikwenda, wachache walirudi. Banza angechukuliwa, mama angebaki chini barabarani, basi.

Maiti tu ndiyo waliyoiachia. Kinga yenye majani mabichi kwenye usukani, na mtu aliyeviringishwa mkekani, ilipita bila kuguswa. Hata mwenye bunduki anaogopa kuigusa safari ya mfu.

Wazo lilikuwa la mama. Ndiyo, la mama mwenyewe, na homa yake.

"Munifunge mu mukeka," alisema. "Minyi nitanyamaza. Banza, kata majani."

Banza alikataa. Kwetu mtu aliye hai hafunikwi uso wala haliliwi, ni kukiita kifo kwa jina. Mama akamwangalia tu, na sisi tuliomzaa tunalijua jicho lile. Ee, nimeandika tuliomzaa. Ni yeye aliyetuzaa sisi. Tazama nilivyochoka.

Tulimlaza, tukamviringisha, tukamfunga kwenye kinga kwa urefu, kichwa kwenye usukani. Tukateremka darajani.

Askari alikuwa kijana, macho mekundu. Aliuzunguka mkeka polepole, akaugusa kwa ncha ya kidole, kisha akanigeukia mimi.

"Ni nani?"

"Ni mama," nikasema.

"Mama yako, na haulie? Juu ya nini haulie?"

Basi nikalia. Nilianza kwa uongo, nikapiga yowe kama nilivyowasikia wanawake wakipiga, nikajipiga kifua. Lakini kilio cha kwetu kina maneno, lazima umsimulie mfu, na maneno yalipoanza kutoka sikuweza tena kuyashika. Nikasema kwamba utotoni nilikuwa nikijifanya nimelala kanisani ili anibebe mgongoni hadi nyumbani. Kwamba nilikuwa nanusa mikono yake, ile harufu ya mawese, nikaona hakuna mkono mwingine duniani. Kwamba sijui nitamwita nani nikiumwa. Mambo ambayo binti wa kwetu hamwambii mama yake, maana ataonekana mjinga, nikayasema yote pale, mama yangu akiwa mkekani anasikiliza.

Askari akavua kofia.

"Mupite, mama. Muzike mbio, jua iko kali." Kisha akasema, bila kututazama, "Wa kwangu, minyi sikumuzika."

Tukapita. Kwenye majani marefu, ng'ambo, tukamfungua. Alikuwa amelowa jasho, na mistari ya mkeka imemchora shavuni. Akacheka, machozi yanamtoka.

"Eh! Kumbe minyi niko muzuri hivi?"

Nikaona aibu, nikageuza uso. Banza akaanza kusukuma, na njia nzima hadi hospitali mama alikuwa akinitania, akidai sifa za ugali wake: "Ulisahau kusema bukari yangu. Bukari yangu ni tamu, ungesema." Nilimwambia anyamaze, atachoka.

Alikufa siku chache baadaye, kitandani, asubuhi.

Na mimi sikulia.

Nilikaa kwenye mkeka wa kilio, wanawake wakiingia kwa mayowe, nami nimekauka. Nilitafuta neno la kumwambia mama, kila nililolipata nilikuwa nimeshamwambia darajani. Mama mkubwa, dada wa marehemu, alisimama mbele ya watu wote.

"Mutoto gani huyu? Mama yake anakufa, ata chozi moya?"

Banza alinitazama. Tungeweza kueleza. Lakini kueleza ni kukiri kwamba tulimlilia akiwa hai, na nani kati ya wale angekosa kusema kwamba sisi ndio tuliomwitia kifo? Tungeitwa wachawi wa mama yetu. Tukanyamaza. Jina la binti mwenye moyo mgumu nikalibeba, na hadi leo wapo katika ukoo wetu ambao wakinisalimia hawanipi mkono wote. Nimezoea. Nilidhani nimezoea.

Nikiri na hili, kwa sababu hapa hakuna wa kunihukumu. Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto kwamba homa inaletwa na mbu. Lakini zipo siku naamka nikiwa na hakika kwamba ni mdomo wangu uliomuua.

Basi leo, darajani, vijana wamesimama wananingoja. Kalenga akasema, "Tantine, hapa tuandike jina gani?" Simu mkononi, uso wake wote ni wa bibi yake. Nikataka kumjibu jina la mto. Kilichotoka ni yowe.

Niliiangusha baiskeli, nikakaa kwenye matope ya ukingo wa njia. Sikuwa na neno hata moja, ni sauti tu. Vijana maskini wakadhani nimevunjika mguu.

Kulikuwa na mwanamke anatoka shambani, beseni la mihogo kichwani, mtu nisiyemjua kabisa. Akasimama.

"Mama, uko unalia nani?"

"Mama yangu."

Hakuuliza lini. Aliteremsha beseni, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akakaa matopeni karibu yangu. "Jina yake?" akauliza.

"Ngoie."

Akaanza kumlilia. Kwa Kiluba, kwa sauti ya juu, alimwita mama yangu kwa jina, akamuuliza kwa nini ametuacha, mimi na yeye, wawili sisi. Nami nikamfuata. Vijana wakavua kofia zao za plastiki. Hatukuondoka hadi mvua ilipotukuta.

Kalenga amenisindikiza hadi mlangoni. Nitamweleza, na kwanza nitampigia Banza.

Kesho saa moja nina darasa. Watoto wataisikia sauti hii na wataniuliza, mwalimu una nini. Nitawaambia ukweli, kwamba nimefiwa na mama.