Kasuku Katika Nyumba ya Kimya

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, tena nimenenepa kwa raha. Mama, nimeolewa! Bado najikumbusha kila asubuhi. Mume wangu akitoka karakana hapo nyuma ana vumbi la mbao hata kwenye kope, nami naliona dhahabu tupu. Juzi kanitengenezea kigoda nifikie dirisha la jikoni. Nikalia. Akauliza, "Kwani kinayumba?"

Ila nyumba ina kimya. Tangu baba mkwe apatwe na kiharusi hajatamka neno. Amelala chumba cha mbele, macho wazi, na wote wananyata na kunong'ona kana kwamba alishazikwa. Yeye ndiye aliyemfundisha mume wangu useremala. Sasa mume wangu akipita mlangoni pale anainamisha kichwa, hawezi kumtazama.

Basi mchana namlisha uji, namsomea zaburi, naomba, halafu naongea. Unanijua! Umbea niliuacha nilipompokea Yesu, kwa hiyo namsimulia habari za mwanawe tu. Wifi kanuna: "Mgonjwa anataka utulivu, hataki redio." Niombee.

Mwanao,
Kasuku wako

20 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Goti linasumbua kukiwa na baridi, mengine salama. Kigoda nimekipenda. Lakini mwanangu, mdomo huo ulinigombanisha na majirani wa pande zote mbili, na mpaka leo hatusalimiani. Ndoa yako bado mbichi. Wifi akilalamika tena, mumeo atamsikiliza nani? Nyamaza, ulinde nyumba yako. Mwombe Mungu akupunguzie maneno. Nami naomba hivyo hivyo.

Mama yako

12 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Mbona kimya? Nilikuambia uwanyamazie wakweo, sikusema uninyamazie na mimi! Mumeo hajambo? Mzazi mwenzangu anaendeleaje? Nijibu, hata mstari mmoja.

Mama yako mwenye wasiwasi

2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na unisamehe! Nilikutii. Niliomba nipunguziwe maneno, nikafunga mdomo hadi nikaogopa kalamu. Wifi akatabasamu. Lakini baba mkwe akaanza kukataa uji, akageukia ukutani.

Mume wangu akaniketisha kwenye kigoda changu akasema, "Baba anaingoja sauti yako. Na mimi naingoja." Ee Mama, mwanamume huyu! Nilitaka kuyeyuka.

Nikaenda kuomba upya. Nikasema, "Bwana, kama ulimtumia Musa mwenye ulimi mzito, huu wangu mwepesi utakushinda? Sikuombi tena uuondoe. Uchukue, uutumie." Nikainuka nina amani ambayo siwezi kukueleza, mimi ninayeeleza kila kitu.

Nikarudi chumba cha mbele. Zaburi, maombi, kisha habari za mwanawe, kila siku. Uji ukaanza kushuka. Jana nilikuwa namsimulia sifa za kabati jipya: "Baba, mwanao ameulainisha ubao kwa patasi mpaka unateleza kama sabuni!"

Mdomo wake ukatetemeka.

"Ra... randa," akasema.

Mama! Fundi mzee hakuweza kuvumilia! Wifi akadondosha sahani, akapiga kelele kuliko redio yoyote. Mume wangu akaja mbio na randa yenyewe mkononi, akapiga magoti kando ya kitanda, akamtazama baba yake usoni. "Ndiyo, Baba. Ni randa inayolainisha. Patasi ni ya kuchongea." Machozi yakamtoka. Na mzee akaweka kiganja cha mkono wake usiopooza juu ya kichwa chenye vumbi.

Mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakosa la kusema.

Baba mkwe akanigeuzia macho. Akalitafuta neno muda mrefu, akalipata.

"Endelea."

Mwanao,
Kasuku wa Bwana

15 Juni

Mwanangu,

Nimewaita majirani wa pande zote mbili, nikawasomea barua yako kwa sauti. Walikuja wakiwa wamenuna, wameondoka chai imeisha. Lile ombi langu kuhusu mdomo wako nimelifuta.

Mama yako