Kura Arobaini na Tatu Zenye Majina

Kwako Bi Hafsa, mshauri wetu,

Assalaam aleikum. Naanza kwa kukuomba radhi, maana mwaka juzi nilikuuliza mtu aliyestaafu afanye nini na asubuhi zake, ukanijibu vizuri, nikafuata ushauri wako na kurudi kufundisha, kisha nikanyamaza bila hata neno la shukrani, na sasa nakurudia kwa sababu nina shida, tabia ambayo ningemkemea mwanafunzi wangu. Nivumilie.

Nina umri wa miaka sitini na saba na ninafundisha Historia na Serikali katika shule moja ya upili upande wa Msambweni. Nimepewa Kidato cha Pili, wanafunzi arobaini na watatu, na muhula huu nimewafundisha misingi ya serikali ya kidemokrasia, kuanzia katiba na mihimili yake hadi haki ya mtu kupiga kura bila kuchunguliwa, na niseme kweli, Bi Hafsa, nawapenda watoto hawa, ingawa hawajawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu.

Shule ilipoamua kwamba rais wa wanafunzi achaguliwe badala ya kuteuliwa na walimu, niliombwa nisimamie uchaguzi, nikakubali kwa fahari. Wagombea walikuwa wawili. Twaiba ni msichana wa Mwabungo, mjukuu wa dada yangu, ambaye tukiwa nyumbani huniita babu. Dzombo ni kijana wa bweni kutoka upande wa Kinango, mpole, na ndiye wa kwanza kutoka huko kuthubutu kugombea. (Majina ya watu wote nimeyabadilisha.)

Kura zilipigwa Jumanne. Nilifungua sanduku mimi na mwalimu mkuu, Bi Caroline, tukahesabu. Twaiba alipata kura mia moja sitini na moja, Dzombo mia moja hamsini na mbili. Zikasalia karatasi arobaini na tatu, na kila moja ilikuwa imeandikwa juu kabisa jina kamili, kidato, nambari ya usajili na tarehe, yote yakapigiwa mstari kwa rula. Moja iliongezewa chini: “Samahani Mwalimu, nimekata hapo kwa sababu nilibadilisha mawazo.”

Bi Hafsa, mkosaji ni mimi. Tangu walipoingia Kidato cha Kwanza nimewaambia kwamba karatasi isiyo na jina siipokei, na kadhaa nimezitupa mbele ya macho yao. Katika jaribio la wiki iliyotangulia wote arobaini na watatu waliandika kwamba kura ni siri, nikawapa alama kamili, kisha Jumanne nikawakabidhi karatasi za kura kwa mkono wangu mwenyewe, nao wakafanya kama walivyozoezwa.

Kanuni tulizozibandika ubaoni zinasema kwamba karatasi inayomtambulisha mpiga kura imeharibika. Nikiziondoa, Twaiba ameshinda kwa kura tisa. Nikizihesabu, thelathini na moja ni za Dzombo na kumi na mbili za Twaiba, kwa hiyo Dzombo ameshinda kwa kura kumi.

“Mwalimu, si ukate tu hapo juu na makasi?” Bi Caroline aliniambia. “Jina linaenda, kura inabaki. Hii kitu unaifanya kubwa bure.”

“Na nikiulizwa kwa nini karatasi arobaini na tatu ni fupi?”

“Nani atauliza? Ni watoto!”

Kesho yake, nikiwa peke yangu katika chumba cha walimu, nilichukua makasi nikakata moja. Moja tu. Mara msichana wa Kidato cha Pili aitwaye Mwanarusi akabisha hodi, nami nikafunika karatasi zote kwa gazeti.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Una haja gani?”

“Ile karatasi ya jana, Mwalimu. Nimepata ngapi?”

“Karatasi gani?”

“Ya kura. Swabir anasema sisi tuliomchagua Dzombo tumekosa wote, kwa sababu Twaiba ni wako.”

Nilimwambia arudi darasani.

Nimeitangazia shule kwamba tungali tunahakiki matokeo, nao ni uongo, kwa sababu hakuna cha kuhakiki, na kila asubuhi Dzombo ananiamkia kwa adabu na Twaiba ananitazama kama mtu anayengojea zawadi ya Idi. Rais ataapishwa mwisho wa mwezi. Je, nifuate kanuni na kumpa ushindi damu yangu, au nizikate zile arobaini na mbili zilizobaki? Nitakapokuwa nimeamua nitakuandikia, na safari hii sitanyamaza.

Mwalimu M., Msambweni

*

Shikamoo, Mwalimu.

Radhi nimekupa. Sasa weka makasi chini.

Umeniuliza kosa lipi kati ya mawili ni afadhali, na yote mawili unataka kuyafanya peke yako ndani ya chumba. Mawakala wa wagombea walikuwa wapi sanduku lilipofunguliwa? Nani alimruhusu babu wa mgombea alishike? Haya unayafundisha wewe. Mwanafunzi angekuandikia habari kama hii katika mtihani, ungemwita mbele ya darasa.

Nilicheka niliposoma habari ya rula, kisha nikafika kwa Mwanarusi, nikaacha kucheka. Watoto wako si wajinga, wanakuamini mno. Mwanarusi anadhani kura ina jibu sahihi na kwamba jibu hilo unalo wewe. Hilo ndilo la kurekebisha kwanza, kabla ya Twaiba na kabla ya Dzombo. Miaka michache ijayo atasimama kwenye foleni ya uchaguzi wa nchi, na wazo hilo likibaki, atatafuta uso wa mkubwa aliye karibu kabla ya kutia alama yake.

Leo, waite wagombea wote wawili, kwa pamoja. Wape hesabu zote, na ile karatasi uliyoikata waonyeshe, ila kipande chenye jina kifunike. Twaiba atanuna. Mwache anune; ukimpenda, usimpe cheo kitakachosemwa nyuma yake mpaka amalize shule. Karatasi zitieni katika bahasha, watie sahihi juu ya gundi, na mwalimu asiye na ndugu katika kura hii akae nayo. Majina uliyoyasoma usimtajie mtu, na Bi Caroline naye mwombe afumbe mdomo.

Kesho, kwenye gwaride la asubuhi, waambie wanafunzi kwamba kosa ni lako. Sema hivyo tu, ushuke. Usiwape historia ya Ugiriki.

Ama kura zirudiwe ama zihesabiwe zilivyo, usiamue wewe, wala usinitake mimi niamue. Wewe mhusika, na mimi sisomi shule hiyo. Wakae viongozi wa madarasa pamoja na wagombea, kanuni ikiwa mezani, waamue wenyewe. Wakisema zirudiwe, karatasi zigawe mtu mwingine, maana Kidato cha Pili wakiuona mkono wako tu watatafuta rula.

Wakati wanajadiliana, nenda chumba cha walimu unywe chai. Watachukua muda mrefu. Watapiga kelele, na pengine utasikia mtu akinukuu kifungu vibaya. Usitoke.