Kanga Kutoka Mji wa Mifereji

Mayfair, Johannesburg
Jumatatu

Kwako dada yangu Biubwa,

Assalaam alaykum. Salamu zangu naomba zipite ukumbini hadi jikoni, zimfikie shemeji, watoto na kila jirani wa hapo Wete anayenikumbuka kwa wema. Goti lako vipi? Umeacha kupanda ngazi au ubishi ni ule ule? Mimi mwili sijambo, nakula na nasimama, lakini roho yangu haikai. Naogopa, dada. Nalisema mapema usije ukahangaika kulitafuta katikati ya barua.

Utashangaa mbona nakuandikia kama watu wa zamani na simu ninayo. Weye simu ukiipokea unafungua sauti nyumba nzima isikie, na haya si ya kusikiwa na wakwe zako. Barua nampa Bi Duni, anakuja huko kwa harusi ya mpwawe. Bahasha nitaitia gundi mara mbili maana namjua.

Unajua Luqman aliondoka baada ya Idi kwenda China kutafuta vitambaa vya duka letu. Mji wenyewe unaitwa Shaoxing, na yeye yuko upande wake wa Keqiao, kwenye soko la nguo. Mume wangu ukimjua ni mtu wa maneno machache, lakini mji ule umemfungua kinywa. Kila akipiga simu ni mifereji tu. Ardhi ya huko, alisema, ni tambarare na imejaa maji, basi watu wakachimba njia za maji tangu enzi za wafalme wao, zaidi ya miaka elfu mbili, na mpaka leo majahazi ya mizigo yanapita. Madaraja ya mawe hayahesabiki. Ipo mitumbwi yenye paa jeusi, na mwenye mtumbwi anapiga kasia kwa miguu huku mikono imepumzika. Nikamwambia hao ni wavivu wenye akili. Wanatengeneza pombe ya mchele, hiyo nikamwonya, akacheka.

Biashara nayo akanieleza. Zamani kidogo, sisi tukiwa watoto, watu walitandika vitambaa kwenye uchochoro mmoja kando ya mfereji. Leo uchochoro ule umekuwa soko ambalo hulimalizi kwa miguu yako. Maji ya mifereji yaliwahi kugeuka rangi kwa ajili ya viwanda vya kutia nguo rangi, mpaka serikali yao ikavihamishia karibu na bahari. Wahindi, Waarabu, Waafrika, wote wamo, na pa kusalia papo. Nilikuwa nikimsikiliza huku napima vitambaa, nafurahi naye.

Kisha siku moja alisema kwamba kwetu mvua imenyesha sana. Nikafikiri anasema Pemba. Alikuwa anasema Keqiao. Neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki. Mwanamume hasemi kwetu ila mahali alipo na mtu wa kumpikia.

Hapa Mayfair hali si nzuri, usiniambie kwamba husikii habari. Maandamano ya kutaka wageni tuondoke yamerudi. Siku hizo Wasomali wa mtaa huu wanashusha milango ya maduka, nasi tunashusha, tunakaa ndani kimya tunasikiliza nyimbo zinakuja na kupita. Luqman akaanza kunihimiza nifunge duka nimfuate. Akasema mji ule ni wa amani, mtu anatembea kando ya maji na hakuna anayemuuliza pasi.

Ndipo ikaja kanga. Tulikuwa tumekubaliana achapishe kanga huko, na jina nililichagua mwenyewe: SINA MWENGINE KAMA WEWE. Msomali jirani yetu aliyetoka huko akaniletea ya mfano. Niliifungua dukani mbele ya Angélique, fundi cherehani wangu, Mkongo wa Bukavu. Rangi nzuri, pindo safi. Nikasoma jina. NINA MWENGINE KAMA WEWE.

Dada, nilikaa juu ya jora la kitambaa. Angélique alisoma naye akapiga makofi, akasema eish, bwana yako anakupenda kweli. Kwao, alisema, hayo ni maneno ya mapendo, yaani bwana yako ako na roho ingine, na roho hiyo ni wewe. Nilitamani siku hiyo niwe Mkongo. Lakini mimi na weye tumelelewa na mama aliyekuwa akivaa kanga yake na kupita mara mbili mbele ya mlango wa mtu, na mwenye mlango anajifungia ndani. Sisi tunajua kanga inasema nini, na tunajua kwamba ukiambiwa kwa kanga huulizi kwa mdomo.

Nilivumilia, nikashindwa. Luqman alipopiga simu nikamzunguka, nikamuuliza kama maandishi yalitoka sawa. Alijibu haraka. Akasema mchoraji wa kiwandani hajui Kiswahili, ameweka N mahali pa S, na mzigo mzima umeshachapwa hivyo. Tutauza tu, akasema, wateja wa Johannesburg wengi hawasomi. Nikacheka mpaka machozi. Nilimsimulia Angélique, naye akacheka, na mchana ule nilikula kwa mara ya kwanza chakula kikanishuka. Tikiti aliyonitumia nikaikubali. Nasafiri Ijumaa.

Mzigo umefika juzi. Nikakata kamba za robota la kwanza, nikakunjua. SINA. La pili, SINA. Angélique akanisaidia, tukafungua yote, kanga zimejaa sakafu nzima hatuna pa kukanyaga. Zote SINA. Hakuna hata moja iliyokosewa, ila yangu.

Sasa nikwambie nililokuficha hapo juu. Nimeandika kwamba nililetewa kanga, nawe bila shaka umesoma doti, kwa kuwa kanga haiji ila pande mbili. Kilichonijia ni upande mmoja. Ulikuwa umeshakatwa ukatenganishwa na mwenziwe, na mahali pa mkato pamepindwa kwa mkono, mishono midogo iliyolala, ule upindaji wa kwetu ambao mama alitufundisha kwa kutupiga vidoleni. Cherehani haifanyi vile. Mchina hajui, na Luqman hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Upande wa pili umo mwilini mwa mtu, dada, na mtu huyo si Mchina. Ni wa kwetu.

Angélique ananisihi nisiende. Mimi nitakwenda, kwa sababu nikibaki hapa nitasikiliza nyimbo za barabarani huku hili liko kifuani, na siwezi kubeba vitisho viwili. Lakini naogopa. Siogopi kumkuta mwanamke huyo, hilo nimeshalikubali. Naogopa atanifungulia mlango katika mji ule wa maji nisikomjua mtu, nimechoka na safari, sijasikia Kiswahili njia nzima, naye atanipokea begi, ataniita dada, nami nitaitika.

Niombee dua. Shemeji mwambie nimemsalimu tu, mengine muache. Wabusu watoto, na goti lipumzishe. Ukinijibu usipige simu.

Wako akupendaye,
mdogo wako Kidawa