Seli za Bi Zuwena

Jumatatu, 11 Oktoba 2004
Nimebadilisha maji ya kulishia seli maabara asubuhi, kama kila baada ya siku moja. Ni seli za uboho wa mfupa wa Bi Zuwena wa mtaa wa Darsait, aliyefanyiwa operesheni ya nyonga. Nilipokwenda wodini kumwomba ruhusa alicheka. "Chukua mwanangu, mie nnao tele."

Seli hizi bado hazijaamua. Zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa mafuta. Inategemea zinaambiwa nini. Protini ya ishara inatua kwenye utando wa seli, habari inapokezanwa mpaka ndani kwenye kiini, jeni inafunguka, na hapo ndipo kazi ya kujenga mfupa inapoanza. Zikijenga, Dkt. Nasra, bosi wangu, ataniandikisha shahada ya pili. Zisipojenga narudi kupima damu. Miaka sita nimepima damu. Sitaki tena.

Jumatano, 13 Oktoba
Shaaban inakwisha. Nyumbani Amerat, Mama amekunja sambusa za mwezi mzima, friza haifungiki. Nikapata akili. Ramadhani tunafunga maabara mapema, na mimi nina barabara ya mlimani ya kurudi nyumbani. Kwa nini nichanganye maji ya seli kila mara? Leo nimechanganya ya mwezi mzima. Lishe, vitamini C, dawa zote. Chupa kumi na tano, friji, safu ya chini. Najiona mjanja.

Jumamosi, 23 Oktoba
Kichwa kinagonga kwa kukosa kahawa. Seli zimelala tu. Nazitazama kwenye darubini, ziko hai, hazijengi kitu.

Kwenye kitabu cha maabara kuna nafasi ya kuandika maji yamechanganywa lini. Utaratibu ni kuyachanganya siku ile ile. Naandika "leo". Kila mara "leo". Hata si uongo sana. Nimeyamimina leo.

Jumamosi, 6 Novemba
Nimetia rangi. Palipo na mfupa pangegeuka pekundu. Hakuna. Sahani nyeupe pee, na vitone vya mafuta huku na huku.

Dkt. Nasra hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikasema uboho wa mzee, umechoka. Akakubali. Jumanne anaandika barua ya kufunga mradi. Nimelia garini mpaka Amerat.

Jumapili, 7 Novemba
Nilikuwa nasafisha friji ya maabara. Nikashika kopo la vitamini C, nikasoma maandishi ya nyuma. Mara ya kwanza kuyasoma, aibu yangu. Ikishaingia majini haikai. Siku chache tu, nguvu zimekwisha.

Nimekaa chini palepale sakafuni. Bila vitamini C seli haiwezi kusuka nyuzi za kolajeni. Na nyuzi hizo ndizo zinazoirudishia seli ishara nyingine: endelea, wewe ni wa mfupa. Yaani niliziambia zianze, kisha nikazitupa mkono.

Bi Zuwena wa watu nimemsingizia. Uboho wake haukuwa na kosa. Mzembe mimi. Muongo pia, maana "leo" zote zimo kitabuni kwa mwandiko wangu. Nikinyamaza, mradi unafungwa na hakuna atakayejua. Nikisema, huenda hata kwenye damu wasinitake. Wakati wa kufuturu Mama ameniuliza mbona sili. Nimemwambia nimeshiba. Kwa tende moja.

Jumatatu, 8 Novemba
Nimesema. Nilipeleka chupa, nikafungua kitabu, nikamwonesha Dkt. Nasra "leo" moja baada ya moja.

"Wallahi ningekufukuza sasa hivi," alisema. Kisha akauliza kama uboho wa yule bibi umebaki. Umebaki, kichupa kimoja kwenye baridi kali. Kimoja tu. "Basi zioteshe. Hiyo barua ntaiweka kwanza."

Sijui kama amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu, 15 Novemba
Iddi. Wageni wamejaa sebuleni, mimi nimekwenda maabara na nguo mpya, nanukia udi. Mlinzi amenicheka. Nimechanganya maji ya leo, nimeandika leo. Mama amenuna. Atatulia tu.

Jumamosi, 27 Novemba
Kuna kitu. Seli zimejikusanya, zimebanana, katikati pana kiza. Sitaki kusema. Nimesema hapa tu.

Jumatano, 8 Desemba
Nyekundu! Sahani nzima ina mabaka mekundu, makubwa, mengine naona kwa macho tu bila darubini. Nimetia rangi, nimeosha, nimeosha tena, hayatoki. Zimejenga. Seli za bibi wa miaka sabini na kitu zimeambiwa, zimesikia, zimejenga mfupa ndani ya sahani ya plastiki. Nimepiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja mbio. Nina furaha, na nimeionea haya furaha yenyewe, lakini nina furaha.

Jumamosi, 11 Desemba
Dkt. Nasra ameniita. Mradi unaendelea. Shahada, hapana, si mwaka huu. Atanitazama mwaka mzima kwanza, ndipo atie saini fomu yangu. Amesema hivyo akinitazama usoni.

Nilidhani nitaumia. Sikuumia. Nimemwambia sawa, Daktari, nikarudi mezani kwangu. Kuna seli za mgonjwa mwingine, zimefika jana. Nimepima vitamini, nimechanganya maji ya chupa moja.