Shosho Analia Kama Ng'ombe

Wanyoike na Joy,

Githeri iko kwa sufuria, pasheni tu. Mkipita sitting room mwiname. Ile filamu imeanikwa kwa kamba ni rili ya pili ya harusi yetu. Baba yenu ameibandika utepe wa sauti pembeni, mwembamba kama wa kaseti, na gamu haijakauka. Kuku wasiingie.

Rili ya kwanza tulirekodi asubuhi. Si mnajua ni bubu tangu 1974. Projekta inazunguka, sisi tunaongea kwa maiki. Pale Chwele kwao baba, marehemu shosho yenu akinishika bega, baba alitaka nimsemee shosho, "Karibu, binti yangu." Mimi nilikuwa hapo, nilimsikia. Nikasema alichosema: "Huyu ni mwembamba, hata ndoo hatabeba."

Lakini nilichelewa kidogo, picha ikawa imefika kwa ng'ombe wa mahari. Naye baba yenu, kazi yake ilikuwa kulia kama ng'ombe, aliwahi mapema. Sasa shosho analia kama ng'ombe, na ng'ombe ndiye anasema mimi ni mwembamba.

Baba ameenda shambani bila chai, ati nimetukana mama yake. Mimi naenda Kiminini kuleta shangazi yenu Gladwell. Alikuwa amesimama kando yangu siku hiyo, atasema ukweli.

Baba akirudi ~~mwambieni afute hiyo sauti~~ asifute kitu. Miaka thelathini anadanganya watu ati nilibarikiwa.

Maji nimechota. Ndoo sita ziko jikoni, nimezibeba mwenyewe. Mwonyesheni huyo ng'ombe.

Mama