Ngoma Yenye Kungojea Sauti

Mama,

Ni miye, mama yako, na nakuita Mama. Ulibeba jina ya mama yangu, Ngoie, basi tangu uzaliwe sikuwezaka kukugombeza muzuri. Namna gani muntu atagombeza mama yake? Ulijua ile, na uliitumia.

Naandika pole pole na crayon ya mudogo wako Déo. Masomo yangu unajua, nilifika kwa troisième primaire, mwaka ya tatu tu, bakanitosha kwa masomo nikalee batoto ya shangazi. Kama maneno inapotea njia, weye uirudishe.

Tangu tulikuzika, muji haiko tena ile uliacha. Kwa kazi ya baba yako, kule kwa kiwanda, moshi haitoke tena. Yeye anaendaka tu kule asubui, anakaa inje ya mulango na benzake, anarudia na kofia kwa mukono. Unga tunaitafuta kama dawa. Kule katikati ya muji basoda, bale maaskari ya serikali, balivunja maduka, kiisha bantu ya kawaida nabo bakaingia nyuma yao. Nilimuona mwalimu wa Déo anakimbia na kiti kwa kichwa. Na sasa kumetoka ile neno ingine: Bakasai, benye bankambo yabo balitoka Kasai, barudie kwabo. Kwabo wapi, Mama? Mama Kapinga, mukubwa wa korale yetu, bamama ya kuimba, alizaliwa hapa Katuba, kwa lupango, ile kiwanja ya nyumba, nyuma ya ukuta yetu. Yee njo alinishika mabega siku nilikuzaa.

Nakuandikia shauri ya ule Mama Kapinga. Nakuandikia shauri ya kaseti.

Unakumbuka namna ilianza? Ulikuwa unatosha kopi za kaseti kwa Papa Kambale, ule Munande wa upande ya Butembo mwenye duka ya maredio kule mutaa ya Kenya, hapa hapa muji. Dereva mumoja wa camion alitoka Zambia na kaseti ya bazungu: mapadri banaimba kilatini, na chini yake mashini inapiga ngoma ya kutulia, na sauti ingine kama upepo kwa mabati. Ulirudia nyumba macho inawaka. Ulisema, "Mama, na siye tuko na yetu. Bamama ya korale banapita hawa." Nikakuuliza kama bantu banaweza kucheza ile. Ukasema banacheza na macho ya kufunga, kila muntu peke yake, hakuna kushikana. Nikasema, basi hawa ni bagonjwa, ubapeleke kwa dispensaire. Ulicheka mupaka ukakaa chini.

Sikujua ulitaka wimbo gani. Nilizani ni ya ndoa, ao ya Pasaka. Kumbe ulitaka ile ya kusindikiza maiti, ile tunaimbaka tumekaa chini kwa mukeka, maiti akiwa katikati yetu: "Mulango iko wazi, enda pole pole." Mama yangu alinifundisha: ile wimbo haiimbwe kwa lupango yenye haina maiti. Ukiimba bure, unaita. Nilikuambia. Nilikuambia mbele ya bote.

Na Mama Kapinga, na ile kinywa yake, akasema, "Acha mutoto afanye kazi yake, Mama Ngoie. Lufu, ile mauti, hasikilizake kaseti. Yeye anasikilizaka radio ya serikali, kule njo banamusifu." Bamama bote bakacheka. Ukaleta pipa ya mafuta ya mawese, tupu, uliisugua na majivu, ukabaambia baimbe kinywa ndani, juu sauti itoke kama ndani ya kanisa. Bakainama mumoja mumoja, bakubwa na makalio yao juu, na weye unashika micro ya kukamata sauti na kufunika kinywa usicheke. Kiisha balianza kuimba, na hakuna mwenye alicheka tena. Hata kuku zilinyamaza.

Uliniita, "Mama, kuja. Sauti yako iko chini kama ya nkambo, kama ya muzee. Bila weye wimbo haina udongo." Nikajibu bugali yangu iko kwa moto. Ukaniita tena. Nikasema tena bugali. Mama, hata maji ya ile bugali haikukuwa imechemuka. Niliogopa. Nilikaa kwa kikoni, nikashika mwiko kwa mikono yote mbili, na ndani ya moyo nilikuwa naimba nabo kila neno.

Kiisha homa ikakushika. Kwa lopitali balituambia tununue sindano, tununue maji ya kutundika, tununue hata gants za mikono ya munganga, na hatukupata bya kutosha, na haukutungojea.

Kwa kilio bantu balisema. Haukusikia, na ni muzuri haukusikia. Balisema uliita lufu na mashini, na lufu akakuja kuona ni nani anaita. Mama Kapinga alijibu. Alisimama katikati ya lupango, akasema, "Na bale batoto bote ya hii barabara benye homa ilibeba, nabo balikuwa na kaseti?" Bakaacha ile neno. Lakini miye ndani yangu sikuiacha.

Siye tunawekaka ndani ya sanduku kitu yenye muntu alipenda, asirudie kuitafuta kwa nyumba. Kwa nkambo tuliweka kiko yake ya tumbako. Kwa weye sikuwaza mara mbili. Nilibeba kaseti yako, ile moja, yenye sauti za bamama na ngoma ya mashini, nikaiweka chini ya mikono yako. Shangazi yako Mado akauliza, "Na pile ya radio, ile betri, atanunua wapi kule?" Bantu bakacheka katikati ya machozi. Mama Kapinga akafungua torshi yake, akatosha pile zake, akaziweka pembeni ya kaseti. Akarudia kwake na giza. Wakati ile nilizani nimefanya muzuri. Nilizani: mutoto wangu hatakosa kitu.

Sasa sikiliza yenye imetokea.

Mama Kapinga alienda Likasi kutafuta dada yake, shauri kule balikuwa banafukuza Bakasai kwa manyumba. Akamukuta kwa gare ya treni, na bantu bengi kama michanga, banalala inje, banangojea treni yenye haikuye. Hakutaka kumuacha. Kuhara ikashika Mama Kapinga palepale, ikamumaliza. Balimuzika kule, kwa haraka, kando ya reli. Hakuna mukeka. Hakuna mwenye aliimba. Ule mwenye alisindikiza maiti ya Katuba yote, alienda bila hata neno moja.

Juzi bwana yake, Papa Tshibangu, alipita kwa mulango yetu. Anabeba batoto, banaenda Kasai, kule yeye mwenyewe hajafikaka. Barabara yetu haijamufukuza, lakini anasema hatangojea siku ile. Alikaa kwa kiti, akageuza-geuza kofia. Akasema, "Mama Ngoie, sikuje kuomba kitu ya nguvu. Mutoto wako alishikaka sauti ya bibi yangu. Unipatie kopi. Ule mutoto wetu mudogo hakunyonya hata mwaka, atasahau."

Mama, nilimuangalia ule bwana na sikujua namna ya kumuambia sauti ya bibi yake iko chini ya udongo, na pile zake mwenyewe kando. Nilimuambia. Alitingisha kichwa pole pole. Akasema tu, "Basi bako pamoja." Ile neno ingekuwa tusi, ningebeba. Lakini alisema kwa roho muzuri, na ile njo inaniuma mupaka leo.

Asubui yake nilienda kwa Papa Kambale. Duka yake haiko tena. Balibeba maredio, balibeba rafu, balibeba hata mulango. Anauza chumvi na mafuta pale inje, kwa meza ya kuazima. Nikamuuliza kama kulibakia kitu yako. Akasema basoda balibeba yote yenye kulia, lakini kaseti zenye hazikuandikwa jina balizimwaga chini, na yeye aliziokota. Akaenda nyuma, akarudia na moja. Akaiweka ndani ya ile radio kadogo ya kwake nyumbani, yenye anasikilizaka habari.

Haikukuwa bamama. Ilikuwa ngoma yako tu. Ile ya mashini, yenye ulipanga kwa duka kiisha ile siku ya pipa, na ile upepo ya kwa mabati, mbele haujaitia sauti ya bamama. Inaenda, inaenda, kiisha inanyamaza kidogo, kama muntu mwenye kuuliza na kungojea jibu. Inaenda tena. Nilitambua kila pahali. Pale Mama Kapinga anaanza. Pale bamama banamupokea. Lakini kuko pahali pamoja, karibu na mwisho, inanyamaza murefu, na miye sikujua ni ya nani. Nikamuuliza Papa Kambale kama kaseti imeharibika.

Akacheka. Akasema, "Hapana, Mama. Nilimuambia kata hii, bantu batazani radio imekufa. Akakataa. Akasema: hapa ni pa mama yangu, ataingia siku bugali itaiva."

Nilikaa chini pale kwa soko, Mama, kati ya chumvi na mafuta. Bantu balikuwa banapita na kuniruka.

Haukunikasirikia, basi. Miye nilizani ulikasirika, nilizani ulienda na ile. Kumbe ulinichungia pahali. Sauti ya Mama Kapinga siwezi kuirudisha, ni miye niliifunika na udongo, na kwa ile nitalia mupaka mwisho. Ningejua, ningekuwekea kikwembe yako, ile kitenge ya bleu, na kaseti ningeiacha kwa bazima. Lakini ngoma ingali, na pahali yangu bado tupu.

Siku ya Mungu, hii jumapili, mbele Papa Tshibangu abebe mizigo, tutakaa kwa lupango yake. Tumebakia bamama batatu tu benye kujua ile wimbo. Pipa yako iko, ilikuwa inakamata maji ya mvua, nimeisugua na majivu. Papa Kambale ataleta ile radio yake kadogo ya kupiga na ingine ya kuazima ya kushika sauti. Tutamuimbia Mama Kapinga yenye hakuimbiwa, juu ya ngoma yako, na bwana yake atabeba ile kaseti mupaka Kasai. Ule mutoto hatasikia sauti ya mama yake. Atasikia namna mama yake alisindikizwa.

Bado naogopa. Nasema kweli. Naangalia Déo analala na nawaza, kama ile wimbo inaita? Lakini sheria ya nkambo, ile ya mama yangu, ilisema isiimbwe kwa lupango yenye haina maiti, na sasa, Mama, ni lupango gani hapa haina?

Lala na kaseti yako. Ukiipiga kule, umuachie Mama Kapinga naye asikilize, pile ni zake. Na siku ya Mungu, ngoma ikinyamaza ile murefu, utege sikio. Nakuahidi sitakawia. Nimetosha nyungu ya bugali kwa moto.

Mama yako, mwenye kukuita Mama